Moyo Upande wa Kulia

Wanawake walikuwa wamekaa uani kwa akina bwana harusi, wakimenya vitunguu saumu vya pilau, na Mwantum alikuwa katikati yao na kisu alichotoka nacho nyumbani. Binti yake Rukaya alikuwa amejiegemeza mgongoni mwake. Mtoto akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilikuwa kizito, chenye majimaji ndani yake, kikohozi cha mzee aliyevuta sigara maisha yake yote, na kilitoka kwenye kifua cha mtoto wa miaka tisa. Mazungumzo yakakatika, halafu yakaendelea kwa sauti ya chini.

"Mama Rukaya," mama wa bwana harusi akasema kwa upole kabisa, "wewe mwenzetu una ujauzito. Hebu pumzika. Nendeni mkakae kule mbele, kuna upepo mzuri."

Mwantum aliijua maana ya upepo huo. Wanawake wengine wawili pale walikuwa wajawazito na hakuna aliyewaambia wapumzike. Alipoinuka kunawa mikono, jirani yake Editha alikuwa amekwisha kulivuta beseni upande wa pili. Vitunguu alivyomenya yeye vilibaki kwenye sahani peke yake. Alipogeuka tena, mtu alikuwa anavimwaga nje ya ua, kwa kuku.

Kwenye mkeka wa wazee alikuwa amekaa Bi Mwanaidi, dada wa baba yake Mwantum. Alikuwa shangazi yake na mama mkwe wake pia, kwa kuwa Mwantum aliolewa na mtoto wake, Abdulmajidi. Bi Mwanaidi aliyaona yote. Akarekebisha mtandio wake, akawaambia wenzake bila kupunguza sauti:

"Kwetu sisi hakuna kifua. Kile kimetoka Mgori, kwa mama yake Mwantum."

Mwantum akamshika Rukaya mkono wakaenda mbele. Walikaa kwenye viti vya plastiki ambavyo bado havijapangwa, mtoto akamuuliza, "Mama, wamesemaje?" Sikio lake la kushoto lilikuwa linatoka usaha tangu Mfungo Mosi, na la kulia nalo lilikuwa halisikii vizuri.

"Wamesema tupumzike," Mwantum akajibu.

*

Rukaya alikuwa ameshamaliza dozi ya kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake kila yalipopimwa yalirudi safi. Madrasa alikuwa anakaa kwenye jamvi lake peke yake, karibu na mlango. Nyumbani alikuwa na kikombe chake na sahani yake, na Bi Mwanaidi ndiye aliyeviwekea alama kwa rangi ya kucha. Kwa hiyo iliposikika kwenye redio kwamba kambi ya madaktari bingwa imefika mjini Singida, Mwantum alikwenda kupanga foleni kabla ya wengi, na safari hii pia akamlazimisha mumewe afuatane naye.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Belinda, mtu wa maneno ya taratibu. Aliweka kipimo chake cha kusikilizia kwenye kifua cha Rukaya upande wa kushoto, akasikiliza, akakunja uso. Akakihamishia upande wa kulia. Akabaki hapo muda.

"Mlishawahi kuambiwa moyo wa mtoto huyu uko kulia?"

"Hapana," Mwantum akasema. Alitoa picha ya eksirei ya zamani kwenye bahasha. Daktari akaitazama kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena, akacheka kidogo bila furaha.

"Waliona moyo uko kulia wakadhani picha imepigwa kinyume. Wakaibandika kwa kuigeuza ili iwe sawa. Picha ilikuwa sahihi tangu mwanzo."

Akawaeleza. Ndani ya mirija ya hewa, alisema, kuna vinywele vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Vinapiga kwa pamoja, vinainama na kuinuka kama shamba la uwele upepo ukipita, na kazi yao ni kuyasukuma makohozi yapande juu yatoke, yakiwa yamebeba vumbi na vijidudu. Vingine viko kwenye pua, vingine kwenye njia ya sikio. Vya Rukaya vipo, ila ama vimesimama, ama vinatikisika ovyo. Ndiyo maana kifua hakijawahi kukauka hata siku moja tangu azaliwe.

"Sasa vimesimama kwa sababu gani?" Mwantum akauliza.

Daktari akamgeukia Abdulmajidi. "Baba, unafanya kazi gani?"

"Nina mashine ya kukamua alizeti."

"Basi tutaelewana. Kila kinywele ndani yake ni mashine. Kuna mirija tisa, kila mmoja ni pacha, imejipanga duara, na miwili mingine imekaa katikati. Kati ya mrija na mwenzake kuna mikono midogo ya protini. Mkono unashika mrija wa jirani, unavuta, unaachia, unashika tena. Mirija ikivutana hivyo kinywele kinapinda, na huko ndiko kupiga kwenyewe. Protini inafanya kazi kwa umbo lake. Kila moja imekunjwa kwa namna yake ili iingiane na mwenzake. Ikitoka na umbo baya, hata moja tu, haiingiani. Mkono unakosa pa kujishikiza. Kwa nje utaona kinywele kizima kabisa, ndani hakuna kinachovuta."

"Kama gia iliyokatwa meno vibaya," Abdulmajidi akasema polepole. "Ipo mahali pake, lakini haishiki."

"Ndiyo hasa. Na moyo ni hivyohivyo. Mimba ikiwa changa, vinywele vya aina hii huzunguka na kusukuma maji kwenda upande mmoja. Mwili unajua kwa hayo huku ni kushoto na huku ni kulia. Visipozunguka, moyo unakwenda popote. Kwa mwingine utaangukia kushoto, kwa mwingine kulia. Wenyewe hauna ubaya wowote pale ulipo, ila umetuonyesha njia."

Akawauliza kama ni ndugu. Mwantum akasema mama wa mumewe na baba yake ni baba mmoja, mama mmoja. Daktari akatikisa kichwa. Maelekezo ya kutengeneza protini, alisema, mtoto anapewa na wazazi wote wawili. Mwenye kosa la upande mmoja haumwi wala hajui kama analo. Lazima makosa mawili yakutane, na ndugu wakioana yanakutana kwa urahisi zaidi kwa sababu yametoka kwa babu mmoja.

Mwantum aliweka mkono tumboni. "Na huyu?"

"Kila mimba ina bahati yake. Kwenye nafasi nne, tatu ni za mtoto asiyeumwa. Moja ni ya kama Rukaya." Daktari akavuta karatasi akaanza kuandika. "Hauambukizi, mama. Wala hakuna aliyemroga. Kipimo cha kuthibitisha hatunacho hapa, nitawaandikia mwende Dodoma, lakini matibabu tunaanza leo. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto imeshaharibika, mirija yake imelegea kama mpira uliovutwa sana. Hiyo hairudi, wala sikio la kulia sidhani kama litarudi lote. Laiti tungejua akiwa mchanga, tungeokoa mengi. Sasa nataka mnisaidie. Katika ukoo wenu kuna mtu mwingine? Anayekohoa tangu kuzaliwa, masikio yanatoka usaha, moyo uko kulia?"

"Hakuna," Abdulmajidi akasema.

Alisema haraka mno. Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao, na Mwantum alimwona akijifuta jasho la shingoni kwa kiganja.

*

Waliporudi, Abdulmajidi alishukia mashineni. Bi Mwanaidi alikuwa barazani na ungo wa mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wameona kitu kwenye picha ya kifua."

Ungo ukasimama. "Moyo uko kulia?"

Mwantum alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi. "Sijakwambia habari ya moyo, shangazi."

"Nimesema tu."

"Mtu hawezi kusema tu jambo kama hilo. Umemwona nani mwenye moyo kulia?"

Bi Mwanaidi alipepeta mchele kwa nguvu, makapi yakaruka mpaka kwenye ngazi. Mwishowe akasema, akiwa anauangalia ungo, "Marehemu Maryam wangu. Masista wa hospitali ya Itigi waliniambia hivyo. Basi. Mtoto alishakufa, usinichimbie kaburi."

Mwantum aliwahi kulisikia jina hilo. Wakati Bi Mwanaidi na marehemu mumewe wakiishi Itigi, karibu na reli, walikuwa na binti wa kwanza aliyekufa kwa degedege akiwa mchanga. Ndivyo alivyosimuliwa. Lakini alipokuwa anamvua Rukaya gauni la safari, alijiuliza ni lini mtoto mchanga aliyekufa kwa degedege alipimwa moyo na masista. Akamwacha Rukaya kwa Editha, ambaye alimpokea akiwa amesimama mlangoni na hakumkaribisha ndani, akaenda mashineni.

Kelele za mashine zilikuwa zimejaa banda zima na mashudu yalikuwa yanamwagika kwenye magunia. Mwantum alisimama mbele ya mumewe akampigia kelele sikioni.

"Maryam alikufa lini?"

Abdulmajidi akazima mashine. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri mafuta yao wakageuka. Akawaomba watoke nje mara moja.

"Nani kakwambia habari za Maryam?"

"Nimekuuliza alikufa lini."

Alikaa juu ya gunia. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta, akawa anaifuta kwenye suruali, anaifuta tena. "Hajafa," akasema. "Yuko Rungwa."

Mwantum alisubiri. Alikuwa anasikia mafuta yakidondoka kwenye debe, tone moja moja.

"Alipokuwa msichana watu walianza kusema nyumba yetu ina kifua kikuu. Posa za dada zangu zikarudi. Wakakaa wakubwa, wakaona apelekwe Rungwa kwa baba mdogo, kule anakofuga nyuki, na huku waseme amekufa. Mimi nilikuwa mdogo, Mama Rukaya. Sikuulizwa."

"Na leo pia ulikuwa mdogo? Daktari amekuuliza mbele yangu. Kule kliniki ya kifua kikuu walikuuliza. Mara ya kwanza walikuuliza, mara ya pili wakakuuliza. Mtoto anameza vidonge mpaka mkojo unatoka mwekundu, na wewe unajibu hakuna."

"Ningesemaje, na mama bado yuko hai? Na baba yako?"

"Baba yangu anaingiaje?"

Abdulmajidi alimtazama kama mtu aliyekwisha kulipita jambo akadhani na mwenzake amelipita. "Baba yako ndiye aliyempeleka," akasema.

Mzee Mselemu. Baba aliyemwita sebuleni akamwambia, binti yangu, nakuoza kwa shangazi yako, hutapata shida, unakwenda kwenye damu yako mwenyewe.

"Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango," Mwantum akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa naogopa. Wewe ndiye uliyeniambia niache. Ukaniambia Rukaya ni mtihani wa Mungu, hautajirudia."

Mwantum alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

*

Basi la Mbeya kupitia Itigi liliwashusha Rungwa Mwantum na Rukaya, kichwa kizima cha mtoto kikiwa vumbi. Hakumuaga mtu nyumbani. Alitaka kumwona kwa macho yake mtu ambaye mwanawe alikuwa anakwenda kuwa.

Kumpata hakukuwa na taabu. Waliuliza nyumba ya Maryam wa nyuki, na walipokaribia hawakuhitaji tena kuelekezwa. Kikohozi kilisikika kutoka nyuma ya nyumba, kizito, chenye majimaji. Rukaya alisimama njiani. Akamwangalia mama yake kwa mshangao, kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake mahali asipojulikana.

Maryam alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kucha zake zimevimba na kuwa duara nchani. Alikuwa anachuja asali kwenye ndoo kwa kitambaa cheupe. Hakusikia walipobisha hodi. Alipowaona akawatazama mmoja mmoja, macho yakamganda kwa Rukaya.

"Huyu ni wa Majidi," akasema.

"Shikamoo dada. Mimi ni Mwantum."

"Najua. Zungumza kwa nguvu, masikio yangu mabovu. Karibuni mkae."

Aliwaletea maji. Rukaya akatafuta kwa macho kikombe chake, asikione. Vikombe vyote vilikuwa vya namna moja. Akanywa, akakohoa, na Maryam akakohoa, wakatazamana, na mtoto akacheka. Mwantum alikuwa hajamsikia akicheka kwa sababu ya kikohozi maisha yake yote.

Walikaa mchana ule wote. Maryam alisimulia bila kulia. Alikuwa ameolewa hapo Rungwa, mimba hazikushika, akaachwa. Asali alikuwa anachuja tu, mizingani hakuweza kwenda kwa ajili ya moshi. Mama yake mzazi alikuwa hajamwona tangu siku ile alipopakiwa kwenye lori na mjomba wake, Mselemu. Mjomba alimwambia anakwenda kutibiwa kwa muda mfupi. Alimnunulia ndizi Itigi, zile nyekundu, akamwambia ale pole pole.

"Majidi ndiye anayekuja," akasema. "Kila mavuno anapita. Nisimseme vibaya, hajawahi kuja mikono mitupu."

"Alikueleza habari za Rukaya?"

"Mbona siku nyingi! Mtoto alikuwa hata hajatambaa. Alikaa hapohapo ulipokaa wewe, akalia. Akaniambia, dada, anakohoa kama wewe. Ameweka sikio kifuani usiku, moyo anausikia kulia." Maryam alikamua kitambaa, asali ikashuka uzi mmoja mrefu. "Nilimwambia, mwambie mkeo. Mpelekeni mtoto mkasema ukweli. Akasema atasema. Kila mwaka namuuliza, kila mwaka anasema bado kidogo."

Kabla ya hapo Mwantum alikuwa amebakiza mahali padogo ndani yake pa kumhurumia mumewe. Labda hakuwa na hakika, alikuwa amejiambia. Labda aliogopa tu, akajifumba macho. Sasa akamwona akiwa ameinama juu ya kitanda cha mtoto, sikio kifuani, anausikia moyo, anajua. Kisha anarudi kulala ubavuni mwake, na asubuhi anakunywa chai, na mama yake anasema kifua cha Mgori, na yeye anaomba sukari.

Alitoka nje akampigia simu Daktari Belinda. Mtandao ulikuwa unapatikana kwenye kichuguu tu, akapanda na tumbo lake. Akamwambia yupo mtu mwingine, shangazi wa mtoto, moyo uko kulia, masikio hayasikii.

"Baba alisema hakuna," Daktari akasema.

"Alisema hivyo," Mwantum akajibu.

*

Hawakurudi mjini kwanza. Walipitiliza hadi Mgori, kwa Damari, mama yake Mwantum.

Damari aliachwa zamani na Mzee Mselemu, akarudi kwao na kanisani kwake, akalima mtama na uwele. Rukaya alipokuwa mdogo, Damari alikwenda kumsalimia mjini siku ya Idi, na jogoo mkononi. Bi Mwanaidi alimzuia uani mbele ya wageni, akamwambia ugonjwa wa mtoto ni yeye aliyeuleta, umo kwenye damu yake, na kama anampenda mjukuu basi akae mbali naye. Damari aliamini. Tangu hapo alikuwa anatuma unga kwa basi, na kwenye simu anauliza mtoto anaendeleaje na kukata haraka, kama vile hata sauti yake ingeweza kudhuru.

Alipowaona wakiingia uani alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta wa ghala.

"Mwantum, kwa nini umemleta? Mshike hapo hapo. Asinisogelee."

"Mama, si wewe."

"Mshike nimekwambia!"

"Mama, sikiliza. Si wewe. Ugonjwa ni wa kwa baba. Shangazi ana mtoto mwingine hivihivi, mkubwa kuliko mimi, wamemficha Rungwa. Nimetoka kumwona. Nimekula naye." Akamweleza yote, alichosema daktari na alichosema Maryam, akisimama upande huu wa ua na mama yake upande ule, Rukaya katikati akiwatazama. Mambo ya mirija tisa na mikono ya protini aliyasema vile alivyoweza. Kosa lake yeye Mwantum alikuwa amelitoa kwa baba yake, na mumewe kwa mama yake, shina moja. Kwa Damari hapakuwa na kitu.

Damari alisikiliza hadi mwisho. Mwantum alidhani atalia kwa furaha, au atamkimbilia mtoto. Hakufanya hivyo. Alivuta kigoda akakaa, akasema maneno machache ya Kinyaturu, polepole, maneno ambayo Mwantum hakuwahi kumsikia akiyatamka. Halafu akauliza kwa Kiswahili:

"Baba yako alikuwa anajua?"

"Alimpeleka mwenyewe kwa lori."

"Siku ile ya Idi alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anakula tende."

Akanyanyuka, akaingia ndani. Alitoka amevaa gauni lake la kanisani na kilemba. Akapita mbele ya Rukaya, akasimama. Akamgusa kichwani kwa ncha za vidole, kama anayejaribu pasi ya moto. Kisha akamshika mkono wote.

"Twende," akasema.

*

Duka la Mzee Mselemu lilikuwa la vifaa vya ujenzi, mjini, karibu na soko, lenye benchi refu barazani ambapo wazee wenzake walizoea kukaa. Mchana ule walikuwapo wawili, pamoja na mteja aliyekuwa anapimiwa misumari.

"Habari za siku nyingi, Baba Mwantum," Damari akasema.

Mzee Mselemu alimwona, akamwona binti yake nyuma, akamwona mtoto. Mkono wake ulibaki juu ya mizani. "Mama Mwantum! Karibu. Karibuni ndani, huku nyuma kuna viti."

"Hapa panatosha." Damari akakaa kwenye benchi, akampakata Rukaya, mtoto mkubwa wa miaka tisa, miguu inaburuta chini. "Nimekuja kukuletea salamu za Maryam. Mzima. Anachuja asali."

Wazee wawili wakatazamana. Mteja wa misumari hakuondoka.

"Mambo ya ukoo yanazungumzwa ndani," Mzee Mselemu akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi nilitukanwa nje. Uani, na jogoo mkononi. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Mzee Mselemu akapunguza misumari kwenye mizani.

"Nimekuuliza kwa heshima, Baba Mwantum."

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Mzee Mselemu aliishika meza kwa mikono miwili. Alikuwa amezeeka ghafla. Akamtazama Mwantum, kana kwamba msaada ungetoka huko. "Binti yangu, nilikuwa na watoto wa kike wa kuoza. Dada yangu naye alikuwa na wa kwake. Ungeolewa na nani wewe, watu wakijua?"

"Ukanioza humohumo," Mwantum akasema, "huku ukijua."

Rukaya akakohoa. Alikohoa kwa muda, kwa nguvu zake zote, akilala mapajani mwa bibi yake kama daktari alivyomwelekeza ili makohozi yatoke, na Damari akampa ncha ya kilemba chake ateme. Mpita njia mmoja akaziba pua. Damari akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote waliokuwa pale:

"Hauambukizi. Ni mjukuu wangu, nimempakata. Maelezo zaidi kamuulizeni mwenye duka."

Mtu alikuwa amekwisha kumpigia Abdulmajidi simu. Alikuja mbio, bado amevaa nguo za mashineni, amelowa mafuta. Akasimama mbele ya benchi. Alimwamkia Damari, akaitikiwa kwa kichwa. Akamwita Rukaya, mtoto akamtazama lakini hakushuka mapajani. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Mama Rukaya, nimekuwa nakutafuta. Nilifika mpaka hospitali. Turudi nyumbani tukazungumze. Nitakwambia kila kitu."

"Nimeshaambiwa," Mwantum akasema. "Kesho kutwa tunakwenda Dodoma, mimi, mama na mtoto. Maryam anakutana na sisi huko, daktari anamtaka na yeye. Baada ya hapo nitakuwa Mgori mpaka nijifungue."

"Na mimi je?"

Mwantum akakaa mwisho wa benchi, mkoba miguuni. Kati yake na mama yake palikuwa na nafasi kwenye benchi, ya kumtosha mtu mmoja. Abdulmajidi aliiona, akasogea hatua moja, akajifuta mikono kwenye suruali kama anayejiandaa kukaa.

Mwantum akauchukua mkoba wake uliokuwa miguuni, akauweka pale.